Mita 1,000 Ndani ya Fremu ya Sentimita 40

Ukingo wa Irente hautoi taarifa. Njia inapita kati ya migomba na mahindi, inakatiza uani kwa watu, inapanda kidogo chini ya mikaratusi, halafu ardhi inakwisha. Hakuna mteremko wa kukuzoesha. Mbele ya vidole vya miguu kuna jiwe la kijivu lenye mabaka ya rangi ya chungwa, kisha hewa, na kiasi cha mita 1,000 chini ya hewa hiyo umelala uwanda wa Mazinde, bapa, mpana, ukienda magharibi hadi jicho linapochoka.

Tulifika kabla ya jua. Tulikuwa tumetoka Lushoto mjini gizani, kwa miguu, mwendo wa kilomita tano na ushei, watu wawili: mimi na daftari langu, na mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanamke wa Tanga ambaye siku hizi kazi yake ni kuchora mandhari. Mgongoni alibeba sanduku la mbao lenye rangi, na begani stendi ya miguu mitatu iliyofungwa kwa kamba ya katani. Mimi nilikabidhiwa chupa ya chai na mfuko wa vitambaa vikuukuu vya kufutia brashi. Njia nzima alisema machache, na mengi katika hayo yalikuwa ya kunionyesha mahali pa kukanyaga.

Baridi ya Juni kule juu haina utani. Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na aliyelala pwani juzi huihisi kwenye magoti. Moshi wa kuni ulikuwa umetanda chini chini juu ya mabati, haujapata nguvu ya kupanda. Tulinusa mikaratusi, samadi mbichi, na kwenye nyumba moja mafuta ya kukaangia maandazi. Majogoo waliitikiana kilima kwa kilima. Mama mmoja alitupita na tenga la kabichi kichwani, akaitikia salamu bila kupunguza hatua. Lori la mboga la kwenda Dar es Salaam halimngojei mtu.

Siku iliyotangulia tulipanda kutoka Mombo, kilomita 33 za lami inayojikunja ubavuni mwa korongo. Mombo ni joto, vumbi na honi. Kufika Soni, ambako maji ya maporomoko yanasikika hadi barabarani, abiria walikuwa wameanza kuvaa masweta, na kando ya njia wauzaji walikuwa wamepanga parachichi na karoti zilizooshwa hadi zinang'aa. Mtu hupanda safari hii kwa chini ya saa mbili na kuacha nyika ya michongoma na mibuyu, akaingia katika nchi ya ukungu na misonobari. Wasambaa tangu zamani wameitenganisha milima yao na nyika iliyo chini. Ukiwa kwenye ukingo wa Irente unaelewa kwa nini. Mpaka wenyewe uko chini ya nyayo zako.

Alfajiri hiyo nyika haikuonekana. Mawingu yalikuwa yameifunika yote, na sisi tulisimama juu yake kwenye jiwe lenye umande. Lakini sauti zilipanda. Kutoka chini ya weupe ule tulisikia pikipiki ikikohoa, breki za lori kwenye barabara kuu iendayo Arusha, punda, mbwa wawili wasiopatana, na mtu akipasua kuni. Zilikuwa sauti ndogo ila kamili, kila moja na kingo zake. Wengi huja mahali hapa wakitafuta ukimya. Irente haina ukimya. Ina umbali, na umbali unazipunguza sauti za watu bila kuzifuta.

Mwalimu hakufungua sanduku. Alikaa juu ya jiwe, akamimina chai ya tangawizi, akaushika mfuniko wa chupa kwa viganja viwili. Nilimuuliza anangoja nini.

"Kivuli," akasema.

Baadaye nilikiona. Ukingo huu unatazama magharibi, kwa hiyo jua huchomoza nyuma yako, upande wa pili wa milima. Linapotokeza, kivuli cha milima ya Usambara huanguka juu ya uwanda, kilomita nyingi kwa mkupuo, na kadiri jua linavyopanda kivuli hurudi nyuma kuelekea kwenye mguu wa mlima. Kina ukingo wake, nao unatembea. Unavuka shamba, unavuka barabara, unavuka paa la nyumba. Kwa Mwalimu hiyo ndiyo saa. Huanza kuchora mawingu yanapofumuka, na humaliza kivuli kinapofika mguuni mwa mlima. Baada ya hapo jua linakuwa juu mno, vilima vinapoteza migongo yake na nchi nzima inakuwa bapa. Kanuni yake haina huruma: kivuli kikishafika, picha imekwisha, hata kama haijakwisha.

Mawingu yalianza kutoboka saa moja na nusu. Kwanza lilionekana tundu moja, na ndani yake kipande cha udongo mwekundu. Kisha paa la bati. Kisha mstari mweusi wa lami, ukakatika, ukaunganika tena mbele. Mapande ya ukungu yaliinuka yakapita usoni mwetu, baridi na yenye maji, tukabaki na ndevu za umande kwenye masweta. Hatimaye pazia lote liliondoka, na nikashika jiwe bila kukusudia.

Ukubwa wa mahali pale hauingii kichwani kwa mara moja. Ukuta wa mlima unashuka wima, kisha unafunguka katika miteremko yenye msitu, kisha vijumba, kisha tambarare. Chini kabisa mkonge umepandwa kwa safu ndefu zilizonyooka, kijani chenye kijivu ndani yake, shamba baada ya shamba. Kati yake inapita barabara kuu, na sambamba nayo reli. Mto Mkomazi unajulikana kwa utepe wa miti tu, maji yake hayaonekani. Ng'ambo ya mto safu zinakoma na nyika ya Wamasai inaanza, kahawia, yenye vilima vilivyotawanyika, haina mwisho unaoweza kuunyooshea kidole. Mkono wa kulia ilisimama milima ya Upare, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia. Lori lililokuwa likienda Moshi lilikuwa punje ya mtama inayosogea.

Mwalimu aliutazama mkonge kwa jicho la kazi yake ya zamani. Mmea ule si wa hapa, alinikumbusha. Uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, asili yake Mexico, na katika miche yote iliyosafirishwa ilifika hai 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Watoto wa miche hiyo ndio walioijaza Tanga na kuifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa kabisa wa katani duniani. Reli nayo ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka huohuo wa 1893, ikafika Mombo 1905. "Kila mstari ulionyooka pale chini umepigwa na mtu," alisema. "Mlima haujui kunyoosha."

Ndipo akafungua sanduku.

Ndani mlikuwa na mirija ya rangi, imebonyezwa na kukunjwa mikia, brashi za manyoya magumu, kisu chembamba kisicho na makali, na kopo la tapentaini ambalo harufu yake ilishinda mikaratusi papo hapo. Mrija wa rangi ni kitu cha kawaida leo, lakini kazi ya kuchorea nje inadaiwa nao fadhila kubwa. Zamani wachoraji wa Ulaya walihifadhi rangi ya mafuta ndani ya vibofu vya nguruwe, vikipasuka njiani na kuikausha rangi mapema. Mwaka 1841 mchoraji mmoja Mmarekani alivumbua mrija wa bati wenye kizibo, na tangu hapo mtu akaweza kubeba chumba chake cha kazi mgongoni hadi ukingoni mwa mlima.

Alisimamisha stendi kwenye ufa wa jiwe, akaining'inizia mfuko wenye mawe ili upepo usiichukue. Juu yake akaweka ubao uliogandishwa kitambaa, sentimita 30 kwa 40. Nilitazama uwanda, nikautazama ubao. Hesabu ile haikunikalia sawa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukataa. Alitoa kadi yenye dirisha dogo katikati, akafumba jicho moja, akaipitisha polepole mbele ya dunia yote ile: Upare, hapana, mto, hapana, kilima chenye mgongo wa ng'ombe, akasita, hapana. Mwisho alichagua kipande kidogo upande wa kushoto, ambapo bega la mlima linaingia kutoka pembeni, mkonge unapita chini yake, na nyika inachukua sehemu iliyobaki. Sehemu kubwa ya kilichonifanya nishike jiwe ilibaki nje ya kadi. Hakuonekana kusikitika.

Kazi ya pili ilikuwa kukunja macho. Alisimama akiwa ameyafumba nusu, kope zikigusana, kwa muda ambao ningekuwa nimeshachoka. Macho yakikunjwa, alinieleza, vitu vidogo vinapotea na yanabaki mapande makubwa ya giza na mwanga. Nilijaribu. Nyumba zilizama, miti ikazama, na uwanda ukawa vipande vitano au sita tu vilivyolaliana. Ni ajabu jinsi nchi kubwa inavyoweza kusimama juu ya vipande vichache hivyo.

Kisha akaanza na kilicho mbali. Anga kwanza, rangi nyembamba, karibu na nyeupe inapogusa nyika. Kisha vilima vya mwisho. Hapa nilitarajia kijani, kwa kuwa vina miti na mvua za masika zilikuwa hazijasahaulika. Yeye alichukua buluu, akaipunguza kwa nyeupe, akaichafua kwa tone la hudhurungi, na alipoiweka ubaoni vilima vilikwenda mbali kilomita nyingi kwa mguso mmoja. Ualimu ukarudi tena: mwanga wa jua ukipita hewani, sehemu yake ya buluu hutawanyika zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo kadiri hewa inavyokuwa nyingi kati yako na kilima ndivyo buluu inavyozidi kuingia katikati. Vivuli vya mbali ndivyo vinavyogeuka mwanzo. Mchoraji haichori milima ya mbali, anachora hewa iliyo mbele yake. Na hewa ya Juni, iliyooshwa na mvua, ni nyepesi. Ingekuwa Septemba, vumbi na moshi wa kuchoma mashamba vingekula Upare yote, na picha ingekuwa na rangi ya ugoro.

"Ukianza na kilicho karibu," alisema bila kugeuka, "utamaliza rangi zako nzito kabla hujafika mbali."

Kijani cha mrijani hakukigusa. Alikitengeneza mwenyewe kwa buluu na njano ya udongo, kila mara tofauti kidogo. Mkonge ulitaka kijani chenye baridi, karibu na kijivu. Msitu wa kwenye korongo ulitaka kijani karibu na nyeusi, lakini nyeusi yenyewe haikuwemo sandukuni. Kisu kilikwaruza kibao, brashi ikapapasa kitambaa, tapentaini ikamwagika tone juu ya jiwe na kukauka tukiitazama. Mikono yake ilikwenda haraka. Nilikuwa nimefikiri kuwa utulivu wa kazi hii ni wa mtu asiye na pilika. Kumbe ana pilika kuliko muuza samaki wa asubuhi, maana kivuli kinatembea, wingu linapita na kubadili rangi ya shamba zima, na kila alichokiona dakika kumi zilizopita kimeshakuwa kingine. Hana nafasi ya kubishana na jana wala ya kuhesabu madeni.

Hilo lilinifikia hata mimi niliyekaa tu. Nilikuwa nimepanda mlima na mazungumzo kadhaa kichwani, ya aina ile ambayo mtu huyarudia na kujipa ushindi. Sijui yalinyamaza saa ngapi. Nilichokijua ni kwamba nilikuwa nimeanza kuhesabu safu za mkonge, kisha nikawa naangalia kunguru wawili wenye shingo nyeupe waliokuwa wakielea chini yetu. Kumwona ndege kwa mgongo wake, mbawa zake zikiwa zimetandazwa juu ya mashamba, ni jambo linalomlazimisha mtu afunge mdomo. Walipinduka, wakapanda bila kupiga ubawa, wakapita usawa wa macho yetu, na tulisikia hewa ikichanwa na manyoya yao.

Ilikuwa ni pumzi ya uwanda iliyowapandisha. Ilipokaribia saa tatu, nyika ilishapata joto, na hewa yake ilianza kupanda ukutani. Ilitujia usoni ghafla, ya uvuguvugu, ikiwa na harufu za nchi nyingine: majani makavu, vumbi, ng'ombe, moshi wa mkaa, na kitu kikali kidogo cha majani yaliyopondwa, ambacho Mwalimu alisema ni mkonge unaochakatwa. Mgongo wangu ulikuwa bado kwenye baridi ya msitu, kifua kikiwa Mazinde. Kengele ya shule iligongwa chini, chuma juu ya chuma. Baada ya muda zilifuata sauti za watoto, kisha hazikusikika tena.

Wageni walikuja na kuondoka. Walitembea hadi ukingoni, wakashusha pumzi, wakapiga picha kwa simu, wakageuka na kujipiga wenyewe nchi ikiwa mgongoni. Walikuwa wachangamfu, wakatuachia biskuti. Wachache walimzunguka Mwalimu kutazama ubao, kisha wakautazama uwanda, kisha ubao tena, na hao ndio waliokaa zaidi. Nadhani ubao uliwaonyesha pa kuanzia.

Tulipokuwa tukinywa chai ya mwisho alinieleza alikotoka. Ujana wake alipenda picha za Tingatinga, zile za rangi kali za mafuta, rangi ya kupaka baiskeli na milango, juu ya vipande vya hadibodi: chui, ndege, samaki, kila mmoja amejaa fremu kwa madoa yake. Bado anazipenda. Lakini Tingatinga haina upeo wa macho. Mnyama husimama juu ya rangi tupu, hana kivuli, hana mbali wala karibu. Mwalimu alikuwa amefundisha ramani na mwinuko wa ardhi miaka yote, na umbali ndio uliokuwa ukimwita.

Wapo waliotangulia njia hiyo kwa namna nyingine. Miaka ya 1940 katika chuo cha Makerere, Uganda, wanafunzi wa uchoraji hawakupelekwa mlimani na stendi. Mwalimu wao aliwasimulia tukio kwa maneno nao wakalitafuta kichwani, katika kumbukumbu ya nyumbani. Mmoja wao, mwana wa Machame, aliichora Kilimanjaro ya migomba, vihamba na watu kazini hata alipokuwa London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa ya kisasa la New York. Katika picha za mtu yule mlima hauko peke yake. Una njia zinazopitika, na watu wamebeba kitu.

Nilizikumbuka picha zinazoning'inizwa kwenye maduka ya watalii mijini: mbuyu mmoja, twiga mmoja, jua kubwa jekundu, na ardhi isiyo ya mtu yeyote. Zimetulia kweli. Lakini ni utulivu wa nyumba iliyohamwa.

Kivuli kilikuwa kimebakiza shamba moja kufika mguuni. Mwalimu alirudi nyuma hatua tatu, akakunja macho mbele ya kazi yake, na midomo yake ikajikaza. Anga lilikuwa limekaa. Buluu ya mbali ilikwenda mbali. Bega la mlima lilikuwa zito, lenye giza la kweli. Hata hivyo kuna kitu kilichokataa, nami nilikiona bila kujua jina lake. Ule ukuta wa mita 1,000 ulionekana kama ungeweza kuwa wa mita 20. Jiwe halina kipimo chake. Msitu ukiuchora kwa mbali unaweza kuwa majani ya bustani.

Alichukua brashi ndogo kuliko zote, akaweka nukta moja nyeupe yenye njano ndani yake, katikati ya mkonge: paa la bati. Kisha nyingine, ndogo zaidi, juu ya mstari wa barabara: lori. Nukta mbili zile ziliushusha uwanda chini kwa kishindo. Mlima ukapanda. Nilihisi tena lile tumbo la alfajiri, nilipolishika jiwe. Mtu ndiye kipimo, na hata nukta ya paa lake inatosha. Ila sehemu ya mbele, chini kushoto, bado ilikuwa jiwe tupu, na jicho likiingia pichani lilianguka moja kwa moja hadi Mazinde bila kupata pa kukanyaga.

Mzee alitufikia wakati huo. Alitokea kwenye kinjia kilicho chini ya ukingo, ambacho sikuwa nimejua kuwa ni njia, akiwa na panga mkononi na mzigo wa majani ya gwatemala begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Marahaba, kijana. Habari za mjini?"

Alitua mzigo, ukatoa harufu ya utomvu. Alijifuta uso kwa kofia, akaja mbele ya stendi, akaisoma picha kwa ncha ya panga bila kuigusa. Huu ni mkonge. Hii ni barabara, na lori hili linakwenda Same. Hapa ndipo mtoto wa dada yake alipojenga, ingawa nyumba haimo. Kule nyuma, penye buluu, aliwahi kwenda kununua ng'ombe akiwa kijana, siku mbili kwa miguu. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha panga likashuka hadi chini kushoto na kusimama hapo.

"Shamba langu liko wapi?"

Tulisogea ukingoni, akatuonyesha. Kweli lilikuwepo, kwenye rafu ya ardhi mita thelathini hivi chini yetu, mahali ambapo Mwalimu alikuwa amelikata kwa kadi yake asubuhi: matuta manane ya udongo mwekundu yaliyofuata mkunjo wa mlima, kabichi juu yake, na mstari wa gwatemala kwenye kila ukingo kuzuia udongo usihame. Zaidi ya hapo, hewa. Mtu akiangusha jembe pale analitafutia Mazinde.

Mzee alisema alikuwa mtoto miaka ya 1950, mkoloni alipowalazimisha wakulima wa milima hii kupiga matuta, kwa amri na faini. Watu waligoma, mpango ukafa kabla ya Uhuru. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliogoma. Matuta haya ameyapiga yeye mwenyewe, baadaye, kwa wakati wake, baada ya kuona mvua moja ya vuli ikimbebea mche baada ya mche. Majani yanakwenda kwa ng'ombe wake wa zizini, samadi inarudi shambani. "Haya hakuniamuru mtu," alisema, akiyatazama kwa namna ambayo Mwalimu alikuwa ameutazama uwanda.

Mwalimu hakujibu. Aligeuza stendi kidogo kuelekea kushoto, akakwangua jiwe lake la mbele kwa kisu hadi kitambaa kikaonekana, akachanganya hudhurungi na njano na tone la waridi. Alipiga matuta manane, mapana mbele na membamba yanapoingia ndani, kisha safu ya kijani kibichi juu ya kila moja. Ilimchukua muda mfupi. Picha ikapata sakafu. Sasa jicho liliingia kupitia kabichi za mzee, likatembea juu ya matuta hadi mwisho wa rafu, likasita pale mtu mwenye akili angesita, ndipo likaanguka hadi kwenye paa la bati, likashika barabara na kwenda zake nyikani. Mzee alikuwa amemsahihisha, na wote watatu tulilijua hilo.

Kule chini kivuli kiligusa mguu wa mlima na kutoweka. Mwalimu alifuta brashi, akafunga kopo la tapentaini, akashusha mfuniko wa sanduku.

"Na mke wangu?" mzee akauliza.

"Sijamwona, baba."

"Anakuja saa nane kumwagilia. Mngojeni."

Mwalimu alitazama uwanda uliokuwa tayari umeanza kuwa bapa na kupauka, kisha akalitazama shamba. Kufika saa nane jua lingekuwa limepita utosini, limegeukia upande wa pili. Kila kivuli cha picha kingekuwa uongo.

"Atavaa nguo gani?" akauliza.

"Ana khanga yake nyekundu ya shamba. Haiachi."

Akakaa juu ya jiwe, akafungua tena sanduku, akaanza kuutafuta mrija wa nyekundu, ambao ulikuwa haujaguswa tangu asubuhi.